Herufi Isiyo na Mkia

Shangazi yangu alikuwa mpanga barua posta, na kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyemwona akikimbia. Watu wa mtaani walidhani kazi yake ni kugonga mihuri na kunywa chai. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo mpaka Krismasi ile niliyokuwa na miaka kumi na mmoja, shule zilipofungwa na mama akanikabidhi kwake ili nisishinde nyumbani nikichokonoa mambo ya watu. Nilikuwa na umbea wa kuzaliwa nao. Mwenyewe niliuita upelelezi.

Chumba cha nyuma cha posta kilikuwa na meza ndefu iliyochakaa, dirisha moja lenye nondo, na ukuta mzima wa vijisanduku vya mbao, kila kimoja cha mtaa wake. Shangazi alisimama mbele ya ukuta ule na rundo la kadi za Krismasi mkononi, na kadi ziliingia sandukuni moja baada ya nyingine kama zinajua njia. Mjini kwetu nyumba hazikuwa na namba. Mtu aliandika "mkabala na kinyozi mfupi" au "kwa yule aliyeoa tena", na barua ikafika. Ilifika kwa sababu shangazi alikuwepo. Aliijua miandiko ya watu kuliko sura zao. Angekwambia huyu ameandika akiwa na hasira, huyu ameandikiwa na mjukuu wake, huyu kalamu ni ya kuazima. Nilimtazama mdomo wazi, na mimi si mtu wa kustaajabu ovyo.

Alikuwa na sharti moja tu, ambalo alinipa siku ya kwanza kabla hata sijakaa: tunasoma anwani, habari ni za wenyewe.

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne mpeleka barua, tuliyemwita Breki kwa sababu baiskeli yake haikuwa nazo, alileta gunia lililonyeshewa. Ndani yake kulikuwa na kadi moja isiyo na bahasha, imelowa upande wa anwani. Jina la juu lilikuwa limefutika lote, limebaki wingu la wino. Chini yake paliandikwa "Nyumba yenye paa", kisha doa, kisha "eupe, nyuma ya shule". Basi.

Breki alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Nyuma ya shule kila nyumba ina paa jeupe, alisema, jua likiwaka mabati yote yanang'aa mpaka unafumba macho. Shangazi aliitazama kadi, akaguna, akaiweka kwenye kikapu cha zisizofika. Kikapu kile kilichukuliwa na gari la makao makuu saa tisa alasiri, na kilichoingia humo hakikurudi tena.

Alipogeuka tu, nikaisoma upande wa pili. Ningefanyaje? Ilikuwa imeandikwa: "Mama, nitapita tarehe 24 na basi la saa kumi alasiri. Linasimama dakika kumi. Kama umenisamehe, njoo kituoni. Nisipokuona nitaelewa, nitaendelea na safari wala sitakusumbua tena. Mwanao."

Nilimwambia shangazi kila neno, naye akanigombeza mpaka masikio yakapata moto. Alipomaliza kunigombeza alikitazama kikapu, akasema kama nina miguu ya kuchezea niende nikatafute, ila niwe nimerudi kabla gari halijafika.

Niligonga milango kumi na saba. Bibi mmoja alinionyesha wanawe wote wanne jikoni, hakuna aliyepungua. Mwingine alinidhania muuza sabuni akanifungulia mbwa. Wa tatu alifikiri sana, akasema amewasamehe watu wote duniani isipokuwa fundi aliyemwekea lile paa. Saa nane na nusu nilirudi posta nimejaa vumbi, nikakaa juu ya gunia, nikalia waziwazi.

Shangazi aliniangalia. Akaitoa kadi kikapuni, akaenda nayo dirishani, akaiinua kwenye mwanga.

"Njoo hapa, Kiroboto," akasema. "Doa limekaa juu ya mstari. Chini ya mstari karatasi ni kavu. Mkia wa y hii ya 'yenye' unauona?"

Niliuona.

"Sasa ingekuwa 'jeupe', ingeanza na j. Mkia wa j uko wapi?"

Niliutafuta, haukuwepo. Lakini yeye hakuridhika: labda mwandishi huyu hazipi j zake mkia, alisema, wapo watu wa hivyo. Alihitaji j nyingine ya mkono uleule. Alisimama na kadi ile vidoleni kwa muda, nikaona anavyopata tabu, kwa maana j nyingine ilikuwa upande wa pili, upande wa habari. Kisha akaigeuza.

J ilikuwa kwenye neno "njoo", na mkia wake ulikuwa mrefu kama wa paka. Shangazi alikaa kwenye neno lile muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Si jeupe," akasema. "Ni mweupe."

Bati haliwi mweupe. Mweupe ni kitu chenye pumzi: mtu, au mnyama. Mwalimu wetu alitufundisha ngeli mwaka mzima nikisinzia, na kumbe ndani ya herufi mbili palikuwa na nyumba ya mtu. Tulikuwa tunatafuta paa la kukingia mvua, na aliyeandikwa ni paa wa porini, mwenye pembe.

Tulimwita Breki. Akakuna kichwa, akasema nyuma ya shule alikuwepo paa wa saruji juu ya nguzo ya geti, kwa mama mmoja mshonaji. Zamani alikuwa mweupe. Kisha mwenye nyumba akampaka mabaki ya rangi ya kijani ya geti, na siku hizi watu wanadhani ni mbuzi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimempita mara mbili.

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia tisa. Shangazi alimwambia Breki ashike kaunta, na bosi akiuliza ajibiwe kwamba mpanga barua amekwenda kupeleka barua. Halafu akakimbia. Nilishindwa kumfikia.

Mama mshonaji alikuwa kwenye cherehani. Shangazi alimpa kadi kwa mikono miwili. Mzee yule alifuta miwani, akasoma polepole, midomo ikicheza. Akaiweka kadi juu ya cherehani, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nikajua yameisha. Shangazi hakusogea. Mlango ulipofunguka, mzee alikuwa ameshika viatu.

"Nifungie kamba, mwanangu. Mikono imekataa."

Shangazi alipiga magoti akamfungia.

Hatua za mzee zilikuwa fupi, na kituoni tulikuta basi limeshafika, limejaa watu wa sikukuu, injini inanguruma. Dirishani alikaa mwanamke aliyeanza kuota mvi, anatazama huku na huku. Macho yake yalitupita mara mbili. Nadhani alikuwa anamtafuta mama mrefu aliyemwacha, na huyu wa sasa alikuwa amepinda, hanifiki hata mimi. Utingo akapiga bati. Mzee aliuachia mkono wa shangazi, akaenda moja kwa moja mlangoni, akaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi.

"Shuka, mama," akasema, bila kupaza sauti.

Basi zima liligeuka kumtazama. Mwanamke yule aliitambua sauti, akashuka, akasimama mbele yake.

"Kwa hiyo umenisamehe?"

"Nikusamehe nini?" mzee akasema. "Mimi ndiye niliyekufukuza. Miaka kumi na minne nimekaa nikidhani wewe ndiye hujanisamehe."

Utingo aliteremsha sanduku lake bila kuambiwa. Watu walitoa vichwa madirishani, na hakuna aliyemhimiza dereva. Nilimtazama shangazi yangu, mgonga mihuri, nikaogopa kidogo, jinsi mtu anavyoogopa akisimama karibu na kitu kikubwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha. Akayafuta kwa mkono wa sare, akanishika bega.

"Twende," akasema. "Lile gunia bado lina barua za watu."

Nikamfuata.