Televisheni ya Mama Nasor

Haya ninayokusimulia yalinifika mwenyewe, alasiri, jua bado lipo, na akili zangu timamu. Sikuambiwa na mtu. Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana mbele huko utashindwa.

Kwanza unijue mimi nani. Nimezaliwa Tabora, nikarudi Oman, kwa asili ya babu zangu, miaka ya sabini na sanduku moja la bati na diploma ya umeme. Diploma hiyo mpaka leo imetundikwa ukumbini kwangu Nizwa, na nyumba yenyewe sikuirithi, nimeijenga kwa jasho langu. Idara ya umeme waliponipa kazi ya ukaguzi wa majumbani, nilikuta watu wanaingia nyumba za wenzao kama askari wanaosaka mwizi. Nikatia adabu. Bisha hodi, kisha simama ubavuni mwa mlango usione ndani. Taja jina lako na lililokuleta. Kama mwanamme hayupo, usivuke kizingiti. Na asiye mtumishi wa idara asikufuate mlangoni kwa mteja, hata akiwa ndugu yako. Waulize wa zamani kama kuna aliyewahi kunilalamikia.

Siku hizo kijiji cha Birkat al Mauz kilikuwa na jenereta ndogo. Taa kila nyumba ilipewa, lakini televisheni ilitaka rukhsa, vinginevyo mashine inalemewa na kijiji kizima kinabaki gizani. Tukapata habari kuwa antena imesimama juu ya nyumba isiyo na rukhsa. Nikatoka Nizwa baada ya sala ya alasiri.

Njiani mtu akaninyoshea mkono. Miguu mitupu, kanzu imekuwa rangi ya vumbi. Zama zile nani angempita mtu juani? Nikasimama, akapanda mbele, nikampa mkono. Wake ulikuwa baridi na umelowa, kama katoka kuzibua falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba. Salamu yangu hakuiitika. Haidhuru, mimi maneno hayaniishi, na Kiarabu changu cha wakati ule nilikuwa nakifanyia mazoezi kwa kila niliyempakia. Nikamweleza kazi yangu, sheria zangu, na hiyo televisheni ninayoifuata.

Hapo ndipo aliponigeukia. Akaniuliza, "Imewashwa?"

Nikamwambia itawashwa, matangazo karibu yataanza. Nikazima gari karibu na nyumba ile. Nikamwambia asubiri garini, ndiyo sheria. Akanitazama kama mtu aliyefungiwa nje ya kwao.

"Niite," akasema.

Nikajibu nitamwita. Nilidhani anataka nimwite nikimaliza, nimfikishe mbele. Wewe ungedhani nini?

Nikabisha hodi, nikasimama ubavuni. Akatoka bibi kizee, macho yameingia ukungu. Huyo ndiye Mama Nasor. Nyuma yake jirani yake, Bi Asha, mtu wa Unguja, nikamshukuru Mungu kwa kupata wa kusema naye. Nikamwamkia shikamoo, kisha nikaanza kumweleza mwenye nyumba kwa Kiarabu changu. Bi Asha akanikata. "Mwanangu, Kiarabu chako kimepanda meli nawe, lakini kimeshukia njiani. Sema, nitamfikishia."

Akamfikishia. Yule mama hakukana. Alisema televisheni kainunua kwa kuuza bangili zake, na si ya kutazama, kwani yeye haoni. Ni ya mwanawe Nasor. Nasor alianguka mtende, akazikwa, lakini mama yake alimshika yule maiti na akaapa kuwa si mwanawe. Bi Asha akaninong'oneza kuwa watu wa huku huamini wapo wachawi wanaomficha mtu, wakaacha gogo lizikwe badala yake, na aliyefichwa anabaki anatangatanga, ulimi umefungwa asiseme ila neno moja moja, njia ya kwao hawezi kuifuata peke yake. Kule Tabora tuliyasikia hayo hayo, ila kwetu unazikwa mgomba. Nasor alikuwa akipenda televisheni kuliko chakula, akenda Nizwa kwa miguu kuitazama mkahawani. Basi mama yake aliinunua iwe inamwita. Kila siku mlango wazi, sauti juu.

Nilikuwa nikitafuta maneno ya upole ya kumwambia kuwa chombo lazima kizimwe. Mara yule mama akanishika mkono. Mkono ule ule niliompa yule mtu wa njiani. Akaupeleka puani, akaunusa.

"Nasor," akasema. "Nasor. Nasor."

Akawa ananivuta niingie ndani. Mikono ya kizee, lakini niamini, nilishindwa kujinasua. Bi Asha naye analia huku akinieleza kuwa mwenzake anasema ni mimi, kwamba Kiarabu kimenitoka kwa uchawi, nikivuka kizingiti nitapona. Mimi nimekaza miguu nje, naapa mimi si mwanawe, mama yangu yupo Tabora. Ndani televisheni ikaanza kisomo cha Kurani cha kufungulia matangazo.

Bi Asha akanyoosha shingo. Alikuwa akitazama nyuma yangu.

"Mwanangu," akaniuliza taratibu, "garini umekuja na nani?"

Nikageuka. Yule mtu kasimama nje ya gari, kapiga hatua chache, kakwama. Midomo inacheza, sauti haitoki. Mama yake anaita jina lake, lakini analiita kifuani mwangu. Nikafungua kinywa nimwite, na wakati huo huo jenereta ikalemewa, kisomo kikakatika. Niliita katika ukimya. Hakukuwa na mtu. Palikuwa na nyayo za matope mabichi kutoka garini, zikaishia katikati ya njia kavu.

Mama Nasor akaniachia. Hakunilaumu, na bora angenilaumu. Alisema neno moja, Bi Asha akanifasiria.

"Kama umemleta, mlete tena."

Rukhsa nilimwandikia mimi, siku ya pili yake. Na njia ile nimeipita kila alasiri niliyoweza, kiti cha mbele kitupu, hata wiki aliyokufa yule mama, televisheni ikiwa bado inasema peke yake chumbani. Bado naipita. Wenyeji wananiona nimerukwa na akili, mtu na diploma yangu.

Basi na wewe, ukimpakia mtu katika njia ile, muulize jina lake kabla hujazima gari. Na akikwambia umwite, usingoje umalize kazi yako. Mwite hapo hapo.