Mshiriki wa Saba

Tangu aanze kazi kwa Dokta Careen, Umutoni alikuwa amebadilisha majina ya watu arobaini na mmoja katika maandishi yake. Kazi ilimfaa, maana hakuwa msemaji: alikaa pembeni na kinasa sauti, kisha nyumbani akaandika kila neno. Dokta Careen, Mkenya anayefundisha sosholojia, alitaka kukielewa kikundi kipya cha ibada kinachoitwa Watu wa Alfajiri, na kuwaelewa pia wazazi walioanzisha chama cha kukipinga. Umutoni aliwahoji wa pande zote mbili, na wote aliwaahidi jambo moja: hakuna atakayejua kuwa ni wewe.

Jumamosi hiyo, katika ukumbi mdogo wa Busanza, Kigali, alikuwa akiwasomea wazazi kurasa chache ili wajue utafiti umefika wapi.

"Mshiriki wa saba anasema hajawahi kulala vizuri kama sasa," alisoma. "Alinikaribisha chai. Ya kwake akaitia chumvi badala ya sukari."

Kiti kiliburuzwa. Mama Praxeda, muuza vitenge kutoka Bukoba, alikuwa amesimama.

"Rudia hapo."

Umutoni alirudia.

"Huyo ni Cynthia wangu. Chumvi nilimzoesha mimi, wakati tulikuwa hatuna sukari ndani."

Ukumbi ukachafuka. Nduwayo, mwenyekiti wa wazazi, alikuwa ameshatoa ufunguo wa gari, akapaza sauti kwa Kiswahili chake cha Kigali.

"Kumbe! Sha, wewe unajua iko wapi, na unatusomea tu kama taarifa ya habari! Twende."

"Siwezi, mzee."

"Huwezi ao hutaki? Mtoto wa watu anapotea, wewe unaandika kitabu!"

"Mwacheni," mtu alidakia kutoka nyuma. "Labda siku hizi naye anaamka alfajiri."

Wakacheka, kicheko kibaya. Umutoni alikusanya karatasi zake. Alikuwa amefuta jina, umri, mtaa, hata rangi ya geti. Chumvi aliiacha kwa sababu ilimpendeza. Hakuwahi kumwona mtu mwingine hapa Kigali akifanya hivyo. Na hiyo ndiyo sababu alipaswa kuifuta.

Mlangoni Mama Praxeda alimshika mkono. Sasa alizungumza kwa sauti ya chini.

"Binti yangu, nyumba usinionyeshe. Niambie tu kama anakula. Miezi minane hii sijamwona."

Umutoni alijua jibu. Lilikuwa limefika kwenye ulimi.

"Nisamehe, mama. Hata hilo si langu kulisema."

Mkono uliachiwa polepole.

Alimpigia simu Dokta Careen. Alipokwisha kueleza, Dokta akasema: "Maneno ni ya Cynthia. Nenda umwambie leo hii, kabla hajayasikia kwa mwingine."

Alipanda pikipiki hadi Masaka, ambako hakuwa na kazi yoyote, ili asifuatwe, akashuka, akapanda nyingine ya kuelekea Gahanga, kwenye nyumba ya Watu wa Alfajiri. Kila kona aligeuka nyuma kutafuta gari la Nduwayo. Hakuliona, lakini geti lilipofunguliwa bado aligeuka tena.

Cynthia alimpokea miguu mitupu, kama wanavyokaa wote katika nyumba ile. Umutoni hakuketi.

"Nimekosea, dada. Nilisoma habari ya chumvi mbele ya wazazi. Mama yako amekutambua. Mahali ulipo hapajui."

Cynthia alirudi nyuma hatua moja.

"Uliniahidi."

"Nilikuahidi."

"Futa yote. Yote niliyosema."

Umutoni alitoa daftari, akazichana kurasa sita mbele yake, akamkabidhi vipande. Kompyuta angeisafisha Dokta Careen. Hilo pia alilisema. Cynthia alivikunja vile vipande vikawa donge, akalibana kiganjani.

"Alilia?"

"Nani?"

"Usijifanye. Mama."

Yule mama naye alikuwa ameahidiwa.

"Siwezi kukuambia ya mama yako, kama ambavyo sikumwambia ya kwako. Ameniuliza jambo moja tu kuhusu wewe, nikakataa kumjibu."

"Jambo gani?"

Umutoni alitikisa kichwa.

Watu wa Alfajiri hawana simu. Cynthia alinyoosha mkono.

"Nipe yako. Nitamuuliza mwenyewe."

Alizibonyeza namba bila kuzitafuta. Umutoni alielekea getini ili asisikie, lakini kabla hajafika sauti iliyochoka ilitokea upande wa pili wa simu:

"Haloo? Nani mwenzangu?"