Kipande cha Juu

Ustadhi Ghafur Baksh wa Miraj alikuwa mkarimu wa kila kitu isipokuwa nyimbo. Ukimkuta anakula, utakula. Ukiisifu shali yake, ataivua akupe. Lakini wimbo wa ukoo wao, ule wa raga ya asubuhi, mahadhi ya kale ya Kihindi, waliorithishana vizazi vitano, aliubania hadi wenzake wakamchoka. Wanawe wawili hawakuwa na sauti, walikuwa na duka la vitambaa. Basi wimbo ukamwangukia Kusum, binti wa karani wa posta, ambaye Ustadhi alimfunga uzi wa uanafunzi mkononi na kumlisha dengu na sukari guru akiwa na miaka kumi na minne.

Alisoma kwake miaka kumi na moja. Wimbo wa namna hiyo una vipande viwili: cha chini, kinachotambaa, na cha pili, kinachofungua. Cha chini Ustadhi alimpa kwa kipupwe kizima, neno kwa neno. Cha pili alisema atampa siku atakapoacha kukiomba. Kusum akaacha. Mwezi wa tatu wa kunyamaza kwake, Ustadhi alianguka akitia udhu, akafa hajasema neno.

Kwenye hitima ya mwaka walikuja waimbaji kutoka Pune na Kolhapur, na Kusum alijua ataombwa wimbo wa ukoo. Nusu ya wimbo haiimbwi. Asubuhi tatu mfululizo alijifungia ndani na tanpura, kinanda chake cha nyuzi nne, akatunga kipande cha pili yeye mwenyewe. Kilipanda juu hadi sauti ikakaribia kukatika. Siku yenyewe alipokiimba, mzee mmoja aliyekuwa rafiki wa marehemu alilia waziwazi, halafu akamuuliza mbele ya watu, "Na hiki alikupa yeye, mwanangu?"

Huko mtu akimtaja mwalimu wake hushika sikio, kumwomba radhi. Kusum akashika sikio. "Alinipa Ustadhi Ghafur Baksh," akasema.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Kusum ilikwenda miaka arobaini na mitatu, tena ya lami. Redio ilimwita, kumbi zikamwita, akavikwa shali za heshima asizokuwa na kabati la kuziweka, yote kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki na wimbo wa Ustadhi. Lakini hakuwa peke yake kwenye jukwaa. Kila alipomaliza kipande cha chini, alisikia nyuma ya bega lake mtu akivuta pumzi. Ilikuwa pumzi ile ile fupi ya puani aliyokuwa akiivuta Ustadhi kabla ya kumfundisha. Aliiogopa kuliko kifo. Akajizoeza kuiwahi, kurukia kipande cha juu kabla haijatimia. Magazeti yaliisifu haraka hiyo, na wanafunzi wake wakaiiga. Nyumbani akiwa peke yake, raga ile hakuigusa.

Mwaka huu Imtiyaz, mjukuu wa Ustadhi, alibomoa nyumba ya zamani akakuta kanda ndani ya sanduku. Alimletea Kusum Jumapili asubuhi, wanafunzi sita wakiwa wameketi mkekani. Miongoni mwao alikuwa Latika, aliyesoma kwake miaka kumi na tisa na ambaye mwezi uliopita tu aliuimba wimbo huo redioni.

Kanda ikakwaruza, Ustadhi akakohoa, kisha akaimba kipande cha chini. Halafu akavuta pumzi. Kusum aliisikia mchana kweupe, na wenzake wote wakiisikia, akaung'ang'ania mkeka kwa vidole. Kipande cha pili hakikupanda. Kilishuka, polepole, kikakaa huko chini kama mtu aliyeketi kando ya mgonjwa asiyepona.

Imtiyaz akasema babu yake alikuwa keshachoka. Latika alisema kwa upole, "Amepotea hapo, Mama. Uzee, labda."

Wote wakamtazama Kusum. Angeitikia kwa kichwa tu, na mambo yangekwisha: jina lake lingebaki, na marehemu angekuwa amekosea wimbo wake mwenyewe.

"Hajapotea," Kusum akasema. "Hicho ndicho. Hakunipa. Hicho mnachoimba nilikitunga mimi."

Vijana wakatabasamu, wakidhani ni unyenyekevu wa wakubwa; mmoja akamwambia asijishushe. Latika hakutabasamu.

"Mimi nimeshika sikio mbele ya watu, Mama," akasema. "Nikamtaja yeye. Kwa neno lako."

"Najua, mwanangu."

"Mara ngapi?"

Latika akalaza tanpura, akamgusa miguu kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, akavaa ndara zake akaenda zake. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya baada yake.

Wengine walipotawanyika, Kusum alibaki na kanda. Alikuwa na hofu, na tuseme ukweli, alikuwa na furaha pia: akiwa na miaka sitini na tisa, alikuwa mwanafunzi tena. Akaimba kipande cha chini pamoja na mwalimu wake. Pumzi ilipokuja aliingoja, kwa mara ya kwanza, hadi ikaisha. Ustadhi akashuka. Koo la Kusum likapanda.

Akairudisha kanda. Sauti zote za kipande kile alizijua kwa majina, angeweza kuzihesabu kwa vidole, lakini alipofungua mdomo koo lilikwenda lilikozoea. Alirudia kutwa nzima, na kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne alifumba macho, akajishika koo kwa mkono wake mwenyewe, akaimba naye tena kutoka mwanzo. Ustadhi akashuka peke yake. Yeye akapanda.