Mstari wa Paskazia

Mdogo wangu Paskazia hakuwa mjinga, na nitagombana na yeyote atakayesema alikuwa mjinga.

Sisi ni watu wa mawe. Nyumba yetu iko juu ya Kirumba, katikati ya majabali, mahali ambapo hakuna jina la mtaa wala namba ya mlango. Mgeni akiuliza kwa fulani, jibu huanza na kupanda: panda mpaka jiwe la mbuzi, halafu shika kulia. Ukimwambia ashike kulia kwanza, utampeleka korongoni. Tumekua hivyo, kupanda kwanza, pembeni baadaye.

Miaka ile ya tisini kila kitu kiliachiwa huria, na walimu wengine nao wakajiachia. Chenge, mwalimu wa hisabati, aligundua kwamba somo likikatwa katikati lina soko. Darasani alichora mihimili miwili ya grafu, eksi imelala, wai imesimama. Akaandika mlinganyo, y = 2x + 1, na jozi zake za namba: (0, 1), (1, 3), (2, 5). Halafu akapangusa chaki mikononi.

"Namna ya kuziweka kwenye grafu, tuisheni, nyumbani kwangu."

Basi! Kama mtu anayekupakulia ugali akaondoka na mboga.

Mama yetu alikuwa akianika dagaa; ada ya shule ilikuwa imemmaliza, na tuisheni hakuiweza. Paskazia akahangaika peke yake. Akiona (2, 5), alipanda mbili, kisha akaenda kulia tano. Mtoto wa mawe angesomaje vingine? Nukta zikakaa sawa, rula ikazipitia zote, mstari ukanyooka. Hilo ndilo lililomtesa. Mstari wake ulinyooka kama wa wenzake, ila wa wenzake ulisimama na wake ulilala. Chenge akaweka kosa kwa kalamu nyekundu, bila neno.

Ukutani pa darasa paliandikwa: Kuuliza si ujinga. Paskazia akauliza. Alisimama mbele ya watu wote akasema, "Samahani Mwalimu, nimekosea wapi?"

Chenge aliinua daftari lake juu, kila mtu alione. "Mstari wa huyu umechoka, umelala usingizi. Njoo tuisheni, binti, tuuamshe."

Wakacheka mpaka madawati yakagonga.

Shule ile ya binafsi ilikuwa na sheria yake: ukianguka hisabati mara mbili, unarudi nyumbani. Paskazia alikuwa ameshaanguka mara moja. Mtihani ulipokuja alichora mistari safi, yote imelala, akarudi nyumbani. Alitaka kuwa muuguzi. Sketi ya shule aliifua, akaikunja, akampa binti wa jirani.

Mwaka uliofuata Chenge akaanza kujenga. Kokoto za mzee Yeremia, mpasua mawe wa huku kwetu, zilikuwa zinasifiwa, kwa hiyo bwana mkubwa akapanda mlima kuzitafuta, viatu vinang'aa. Akamkuta Paskazia anageuza dagaa kwenye jabali. Mimi nilikuwa mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu." Adabu hakuiacha shuleni.

"Marahaba. Kwa mzee Yeremia ni wapi?"

"Panda mpaka jiwe lenye ufa, halafu shika kulia."

Chenge akaangua kicheko. "Kumbe ndiko ulikojifunzia kosa lako! Unapanda kwanza! Kwenye grafu, binti, namba ya kwanza ni ya kwenda pembeni, ya pili ndiyo ya kupanda."

Nikaona kidole cha Paskazia kinatembea hewani, pembeni, kisha juu.

"Hiyo tu, Mwalimu?"

"Hiyo tu."

"Na kosa langu ulikuwa unaliona?"

"Tangu siku ya kwanza. Lakini hayo nilikuwa nayaeleza tuisheni, na wewe hukuja."

Sentensi moja! Angeweza kuisema huku anafunga mlango wa darasa. Nilianza kutafuta jiwe la kumtupia, na kwetu mawe hayakosekani.

Chenge wala hakuniona. Alikuwa anatazama juu, kwenye majabali yaliyojaa nyufa kila upande. "Sasa jiwe lenyewe ni lipi? Yote yana ufa."

Paskazia aliinama, akaendelea kugeuza dagaa.

"Hayo, Mwalimu, yanafundishwa tuisheni."