Mlokole Aliyegema Ulanzi

Harufu ya ulanzi unaoanza kuchacha, ikichanganyika na ya udongo uliolowa mvua, hunirudisha mpaka leo kwenye miaka yangu tisa, miguu peku, tope hadi magotini, katika kijiji chetu kando ya njia ya Tosamaganga. Kwa asiyejua mambo ya Iringa, ulanzi ni maji yanayotoka kwenye chipukizi la mwanzi. Mvua zikishika, unakata ncha ya chipukizi, unafunga hapo kikombe cha mwanzi kinachoitwa mbeta, na maji yanadondoka. Yakiwa mapya ni matamu, hata watoto tunakunywa. Yakishinda hadi jioni yanageuka pombe, na yakilala yanaangusha wanaume wazima. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na kichaka kikubwa cha mianzi alichokipanda babu, na aligema mwenyewe asubuhi na jioni, kwa sababu chipukizi lisipokwanguliwa kila siku linaziba, na likiziba ndiyo basi tena mpaka mvua za mwaka mwingine. Bibi alikuwa Mkatoliki wa rozari shingoni. Alisali, akagema, akanywa, akasali tena, wala sikuona mambo hayo yakigombana ndani yake.

Kwa mama yaligombana. Mama ni Msafwa wa milimani Mbeya, kwao ni viazi na pareto, ulanzi aliukuta ukweni. Mwaka huo aliokoka kwenye mkutano wa injili mjini Iringa, na mama yangu hajawahi kufanya jambo nusunusu. Alivua hereni, akajiunga na kwaya ya walokole, akawa anaomba alfajiri kwa sauti iliyovuka shamba la mahindi hadi kwa bibi. Bibi naye si mtu wa kunyamaza. Aliwaambia wanawake kisimani kwamba mkwe wake ameibiwa akili mjini, wakacheka, na kicheko chao kikamfikia mama. Basi ilipokaribia kumbukumbu ya kifo cha babu, bibi akakusanya madumu sita ya ulanzi kwa ajili ya wageni. Jumapili yenyewe ya kumbukumbu, bibi akiwa misani, mama alivuka shamba, akafungua dumu moja baada ya jingine, akamwaga ulanzi wote uwanjani. Nilikuwa nimesimama pale. Niliona povu likitambaa na kuku wakikimbilia kunywa. Niliogopa sana, ila nisiseme uongo, nilimwona mama shujaa pia.

Wageni walifika wakakaa na vikombe vitupu, na kumbukumbu ya mzee ikawa aibu ya kijiji. Bibi hakupiga kelele. Alikuja hadi mpakani mwa shamba akamwita mama kwa jina langu mbele ya watu wote, “Mama Twilumba, siku nikifa usije.” Huku kwetu hakuna tusi linalofikia maneno hayo. Tangu hapo hata ile “kamwene” ya asubuhi, salamu ambayo Mhehe hamnyimi hata mpita njia, ilikatika kati ya nyumba zetu. Mimi ndiye niliyeumia zaidi, kwa sababu nilizoea kulala kwa bibi, na ni yeye aliyenifundisha kushika kisu cha kugemea. Sasa nilikuwa naangalia moshi wa jiko lake kwa mbali na kukatazwa na pande zote mbili. Nilimchukia mama kwa hilo, kisha nikajichukia kwa kumchukia.

Wiki tatu baadaye bibi aliteleza kwenye tope la kichaka chake akavunjika mkono wa kulia. Alirudi kutoka hospitali na plasta hadi kwenye kiwiko. Baba alikuwa Mbeya kwenye kazi zake za ujenzi, baba zangu wadogo walikuwa kwenye mbao huko Mufindi, na majirani walikuwa na mianzi yao ya kuhangaikia. Kichaka cha babu kilikuwa kinakwenda kuziba, na bibi angekaa mvua zote akikitazama. Habari zilimkuta mama akipukuchua maharage. Aliendelea kupukuchua. Kesho yake kulipopambazuka akaniamsha. “Chukua ndoo. Twende ukanifundishe kugema.” Nilidhani naota.

Siku mbili bibi alikaa mlangoni, ametupa mgongo, rozari mkononi. Hakutufukuza wala hakutusalimu. Mimi, mtoto wa miaka tisa, nilimwonyesha mama namna ya kukwangua ncha kidogo tu bila kuikata sana, na kwa kuwa mlokole hawezi kuonja, nilimwonjea mimi ili tujue mbeta ipi imeingia maji ya mvua. Siku ya tatu mama akafanya kosa ambalo mtu wa Iringa hawezi kulifanya hata akiwa usingizini. Alizichungulia mbeta, akaona utandu ule mweupe ndani, ambao ndio chachu ya ulanzi, akasema zinanuka. Nilimwambia kwamba bibi huwa hazioshi, akanijibu kwamba uchafu ni uchafu. Akazisugua zote kwa sabuni ya mche na mchanga, akazianika zikang'aa, akazirudisha mahali pake huku akiimba pambio. Alikuwa amejiridhisha kweli.

Jioni nilimpelekea bibi kikombe. Akapiga funda moja, akatema, akageuka kututazama kwa mara ya kwanza. “Nani amefulia nguo ulanzi wangu?” Mama akainua mkono kama mwanafunzi darasani. Bibi akamtazama, akazitazama mbeta zinazong'aa, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaushika ule mkono wa plasta kwa maumivu. Mama naye akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akapiga magoti palepale topeni. “Mama, nilimwaga ulanzi wa baba mkwe. Nilikukosea wewe na yeye. Naomba unisamehe.” “Ulimwaga,” bibi akasema. “Na mimi nilikutangaza kisimani. Akili zako hakuna aliyeziiba.” Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. “Inuka, utapata baridi. Na kesho usioshe mbeta.”

Mama aligema hadi plasta ilipotolewa. Habari zilifika kanisani, wazee wakaja kumuuliza kama ni kweli mtu aliyeokoka anatengeneza pombe, na wakamsimamisha kwaya. Aliipenda kwaya ile kuliko kitu chochote, nilijua. Aliwajibu kwa adabu kwamba uamuzi wao ataukubali, lakini mtu aliyevunjika mkono hamwachi, hata kama mkono wenyewe ni wa mgema. Jumapili alikaa kwenye benchi la nyuma akaimba kutokea huko, kwa sauti kubwa kuliko wanakwaya. Sijawahi kujivunia kuwa mtoto wa mtu kama nilivyojivunia siku ile. Na wasiniambie kwamba mmoja alimbadilisha mwenzake. Mama hajaonja pombe mpaka leo, na bibi aliendelea kusema kwamba walokole wanamnyima Mungu furaha. Ila kila asubuhi bibi alimtengea mama mbeta ya kwanza kabisa, akimwambia, “Wahi, haijawa pombe bado,” na mama akanywa amesimama. Bibi alipofariki miaka mingi baadaye, aliyeingia chumbani kumwosha alikuwa mama.

Sasa nakaa Ilomba, Mbeya, na mama amezeeka, anakaa na mimi. Nimesoma kumzidi, nimesafiri kumzidi, na bado kwa muda mrefu tangu uchaguzi sikuwa nasalimiana na jirani yangu, Mama Tusa, kwa sababu ya vyama vyetu na maneno tuliyorushiana kwenye kundi la simu la mtaa. Mwezi uliopita pikipiki ilimgonga akavunjika mguu. Nilimweleza mama habari hiyo, nikamweleza pia kirefu makosa yote ya Mama Tusa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu. “Kuna kazi gani pale hawezi kuifanya mwenyewe?” Nikasema ana ng'ombe wa maziwa na watoto wake wako mbali.

Asubuhi nilikata majani, nikayabeba hadi getini kwa Mama Tusa. Alitoka na magongo yake, akanitazama, akayatazama majani. “Hayo yana umande, Mama Ezra,” akasema. “Utamvimbisha tumbo ng'ombe wangu. Kesho uyaache yakauke kwanza.” Nilirudi nyumbani nikampa mama maneno hayo kama nilivyopewa. Alicheka kile kicheko cha siku ya sabuni, akaniambia nimtafutie viatu vyake vya mvua, akauliza kesho tunaamka saa ngapi.