Nilivyokimbia Kiapo Changu, Mama Mkwe Akiwa Garini

Mimi niliwahi kutoroka sherehe ya kuapishwa kwangu mwenyewe.

Usicheke kwanza. Nilikuwa nimevaa nguo mpya, nywele zimetengenezwa, gari la serikali limekuja kunichukua, na mama mkwe amekaa pembeni yangu anapiga vigelegele. Ikulu viti vilikuwa vimeshapangwa. Nikamwambia dereva apinde.

Tulieni niwasimulie, maana siku ile imesemwa sana na watu ambao hawakuwepo.

Nilianza kama karani wa mahakama. Kazi yangu ilikuwa kuita majina ya watu mlangoni na kuhakikisha hakimu ana maji mezani. Jioni nikawa nasoma sheria, mume wangu analea watoto, na wenzake wanamwambia amelishwa kitu.

Nikawa hakimu. Mwanamke wa kwanza pale. Wakanipa chumba kilichokuwa stoo, mafagio bado yamo.

Siku ya kwanza akaingia mzee mmoja, akanitazama juu mpaka chini.

"Binti, niitie hakimu."

"Ndiye mimi, mzee wangu."

Akatoka nje, akasoma kibao cha mlangoni, akarudi. "Basi nitamsubiri yule mwingine."

Mwingine hakuwepo. Nilisikiliza kesi yake, akashinda, na bado aliondoka amenuna.

Miaka ikaenda, nikapanda hadi Mahakama Kuu. Huko nako mwanamke wa kwanza. Choo cha majaji kilikuwa kimoja, na hakuna aliyewahi kufikiria kwamba siku moja jaji atavaa gauni. Nilikuwa nabisha hodi kama mgeni, wenzangu wakitoka wanaangalia dari.

Watu wanadhani kuwa wa kwanza ni raha. Ni jela yenye zulia.

Nikikohoa, wanawake wana vifua vibovu. Nikichelewa, si tulisema? Nikitoa adhabu kali, nina roho mbaya. Nikitoa nyepesi, nimeleta huruma za jikoni. Mwanangu akishikwa na homa nilisema gari limeharibika, kwa sababu gari huharibikia hata wanaume.

Na kesi walizonipa? Talaka na mirathi, talaka na mirathi. "Haya mambo mnayaelewa ninyi," walisema, wakicheka.

Mpaka ikaja kesi ya fundi cherehani.

Huyu mama alishtakiwa kumuua mumewe. Mume alikutwa amekufa chini ya ngazi za nyumba yao, ndugu zake wakasema amesukumwa. Alipokamatwa mtoto wake alikuwa bado ananyonya. Kesi iliponifikia, mtoto anasoma shule na anamwita shangazi yake mama.

Kwa nini ilichukua muda hivyo? Kwetu utaratibu ulikuwa huu: kesi ya mauaji inamalizwa na jaji yule yule aliyewasikia mashahidi. Akifa, akihamishwa, akipandishwa cheo, kesi inaanza upya, kuanzia shahidi wa kwanza.

Jaji wa kwanza alifariki kesi ikiwa katikati. Wa pili alihamishwa. Kwa hiyo mara mbili yule mama alisimama kizimbani akasikiliza tangu mwanzo jinsi mumewe alivyokutwa, na mara mbili wakamwambia samahani, tunaanza tena.

Hakuna mwanaume aliyeitaka kesi ile. Ikatupwa kwangu.

Nikaisikiliza yote. Mashahidi waliosema walimwona akisukuma, walipobanwa ikaonekana hakuna hata mmoja aliyekuwa ndani ya nyumba. Nikaandika hukumu kwa mkono wangu. Ilibaki kupigwa chapa na kusomwa, lakini mpiga chapa wangu alikuwa likizo ya uzazi, nikapanga tarehe ya mwezi unaofuata. Nikasema moyoni, haraka ya nini, si yamekwisha?

Jumatano moja Jaji Mkuu akaniita.

"Hongera," akasema. "Umeteuliwa Mahakama ya Rufaa. Mwanamke wa kwanza katika nchi hii. Unaapishwa Ijumaa saa tatu asubuhi."

Nilitoka ofisini kwake naelea. Nisiwadanganye, nilifurahi mpaka nikasahau mkoba. Nilifika chumbani kwangu nikiwa nimeshachagua rangi ya nguo.

Alhamisi nikagongewa mlango. Alikuwa wakili wa yule fundi, mzee mmoja tuliyemwita Mzee wa Koti, kwa sababu alikuwa na koti moja na hakuwa na mpango wa la pili. Alikuja na mwendesha mashtaka, kama inavyotakiwa, maana upande mmoja hauji kwa jaji peke yake.

"Hongera, Mheshimiwa," akasema. Hakukaa.

"Mbona hongera yako ina msiba ndani?"

"Nimetoka gerezani sasa hivi. Wamesikia redioni. Mteja wangu amenituma nikuambie: kesi ikianza upya, atakiri."

"Akiri nini?"

"Kwamba alimuua."

"Lakini..."

Nikaishia hapo. Hukumu ambayo haijasomwa, jaji haitoi mdomoni hata kwa mumewe. Nilikuwa nimeandika kwamba hana hatia, na sikuwa na ruhusa ya kumwambia mtu yeyote.

"Umemwambia kukiri mauaji ni kitanzi?"

"Nimemwambia. Anasema kitanzi kina mwisho, Mheshimiwa. Kesi haina."

Mwendesha mashtaka, ambaye kwa kawaida anaongea mpaka unamwomba apumzike, alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Lini analetwa tena?" nikauliza.

"Kesho. Kutajwa tu."

Kutajwa ni hivi: mahabusu analetwa mahakamani, jina lake linasomwa, anapewa tarehe nyingine, anarudishwa. Gari la magereza hufika saa tatu. Saa tatu hiyo hiyo mimi natakiwa Ikulu nimeinua mkono wa kulia. Nikishaapa, mkono wangu kwenye kesi zangu za zamani umekufa.

Nikapanda ngazi mbio kwa Jaji Mkuu.

"Nisogezee kiapo wiki moja tu, mkuu."

"Kiapo si changu, ni cha Ikulu. Wageni wamealikwa."

"Basi kesho mchana. Nisome hukumu moja, nije."

Akacheka. Alipoona mimi sicheki, akavua miwani.

"Na nikikataa?" nikauliza.

"Dada yangu," akasema, na ile dada aliivuta. "Unajua watu wangapi walisema mwanamke hawezi kiti hicho? Ukikataa, watasema tuliwaambia. Na mimi sitapeleka jina la mwanamke mwingine nikiwa hai kwenye ofisi hii. Mlango ni wewe. Ukijifunga, umewafungia wote."

Nilishuka zile ngazi nikaenda nyumbani.

Nyumbani nako kumejaa. Shangazi zangu, wifi zangu, majirani ambao hawajanisalimia tangu nihamie. Mama mkwe anacheza katikati ya sebule na goti lake lile lile ambalo Jumapili lilikuwa haliwezi kwenda dukani. Wanawake mawakili wamekuja na sare zimeshashonwa, wakiongozwa na Sindano.

Sindano nilimfundisha kazi mwenyewe, akitoka chuoni tu. Mwembamba, mkali, akiingia mahali lazima mtu achomwe. Alinikumbatia akalia. "Dada, tumefika. Tumefika, dada."

Nikamvuta jikoni nikamwambia jinsi nilivyobanwa. Sikumwambia nilichoandika, nilimwambia tu kesi inaanza upya na yule mama anataka kukiri.

Akafunga mlango wa jikoni. Kisha akasema taratibu, "Yeye ni mmoja, dada. Sisi ni wangapi?"

Mpaka leo sidhani kama lile lilikuwa swali la kijinga.

Nikaenda kwa mume wangu. Alikuwa chumbani anapiga pasi suti mpya.

"Niambie nifanye nini."

"Mimi?" akasema. "Mimi nitavaa suti. Popote utakapokwenda kesho, nimevaa suti."

Jamani, nilitaka amri, nikapewa suti. Nilijifungia bafuni nikafungua maji ili wageni wasisikie, nikalia. Huku mkono, huku mguu, na kila upande kuna mtu nitakayemuumiza.

Ijumaa asubuhi gari likaja. Mbele dereva na mume wangu, nyuma mimi, mama mkwe na kilemba chake kilichochukua nafasi ya mtu wa nne. Sikuwa nimeamua. Lakini hukumu niliitia mkobani, kama mtu anayebeba mwavuli bila kusema mvua itanyesha.

Tukafika njia panda. Gari la magereza likapita mbele yetu, linapinda kushoto kwenda mahakamani. Kwenye wavu wa dirisha kulikuwa na vidole vya mtu, vimeshika tu. Sikuona uso. Sijui hata kama vilikuwa vya kwake.

"Dereva, pinda kushoto."

"Mheshimiwa, Ikulu ni kulia."

"Najua Ikulu iko wapi. Pinda."

Mume wangu akageuka akanitazama. Akarudisha uso mbele, akakaza tai. "Umemsikia Mheshimiwa," akamwambia dereva.

"Kwani tunakwenda wapi?" mama mkwe akauliza.

"Kazini, mama."

"Leo? Na kilemba hiki?"

Karani wangu aliponiona aliinuka mpaka kiti kikaanguka. Nikavaa joho juu ya nguo ya sherehe. Askari akapaza sauti, "Kooorti!" Watu wakasimama, na Mzee wa Koti akaniangalia kama ameona mtu aliyezikwa.

Nilisoma kwa mwandiko wangu wenyewe, ambao si mzuri. Simu ya ofisini ilikuwa inalia nyuma ya ukuta, inakata, inalia tena. Nilijua ni nani. Kila ilipolia niliongeza sauti.

Nikafika mwisho. "Mahakama inaona mshtakiwa hana hatia. Unaachiliwa huru."

Yule mama akainamisha kichwa kwa heshima.

"Asante, Mheshimiwa. Tarehe nyingine ni lini?"

"Hakuna tarehe nyingine."

"Basi naanza na jaji gani?"

Askari akafungua kizimba. Hakutoka. Akanyoosha mikono yote miwili mbele, akisubiri pingu.

Mimi ambaye sikuwahi kukohoa hadharani, nililia pale juu ya kiti, kamasi na kila kitu, mbele ya mawakili. Mzee wa Koti alikwenda akaishusha ile mikono yeye mwenyewe, taratibu, akamwambia, "Yamekwisha, mwanangu. Twende nje." Ndipo akaelewa. Sauti aliyoitoa siwezi kuiandika.

Kutoka nyuma kikalia kigelegele kikubwa.

"Kimya mahakamani!" askari akafoka.

"Nilitoka nyumbani kuja kupiga vigelegele," mama mkwe akamjibu, "na nitavipiga."

Sasa malipo yake.

Ikulu walisubiri, wakasubiri, wakala keki. Magazeti yakaandika nimechanganyikiwa. Uteuzi ukafutwa. Jaji Mkuu hakunigombeza hata kidogo, alinirudisha tu kwenye talaka na mirathi, na huko ndiko nilikostaafia.

Sindano hakupokea simu zangu. Hilo ndilo liliniuma kuliko yote. Nikiona msichana amebeba vitabu vya sheria nilivuka barabara, kwa sababu niliamini nimemfungia mlango.

Mwezi haujaisha, Sindano akaja nyumbani. Akakaa ukingoni mwa kiti, chai hakuigusa.

"Dada, nimeitwa."

"Umeitwa wapi?"

"Rufaa. Naapishwa Jumatatu."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Nani amepeleka jina lako?"

"Jaji Mkuu."

"Yupi?"

"Si huyo huyo, dada. Tuna wangapi?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka mume wangu akatoka chumbani kuangalia kama nimepatwa na jambo. Kumbe nchi ilikuwa imeshaahidiwa mwanamke! Mabalozi wameshapongeza, magazeti yameshaandika. Walihitaji mmoja, yeyote, na haraka. Yule bwana aliyeapa hatapeleka jina lingine maisha yake yote, alilipeleka kabla hata machozi yangu hayajakauka.

"Umenikasirikia?" Sindano akauliza.

"Wewe? Hapana. Nenda ukafanye kazi. Naikasirikia miaka yote niliyokaa nimebana pumzi, nikidhani nikipumua nitawaangusha wote."

Akalia, nami nikalia, chai ikapoa.

Kwa hiyo ukisoma orodha ya wanawake wa kwanza Mahakama ya Rufaa, jina langu halimo. La kwanza ni la Sindano, na amefanya kazi nzuri kuliko ambavyo ningefanya mimi. Kuna siku linaniuma. Mimi si malaika.

Ila nikuachie hili, wewe uliyebanwa mahali unaposoma hapa, iwe kazini, kwenye ndoa, au kwenye ukoo unaokutegemea. Mtu akikuambia wewe ndiye mlango, ukitoka wote watafungiwa nje, usikimbilie kuamini. Mtazame mikono. Mara nyingi funguo anazo yeye.

Na siku ukilazimika kuchagua kati ya watu wote na mtu mmoja, kumbuka kwamba hao watu wote hujawahi kuwaona. Yule mmoja amesimama mbele yako.