Chumba kimoja Barani, watoto watatu, na mkeka wa Krismasi uliotoka mshazari

Wakuu, salaam kwenu nyote wa pwani na wa bara, na shikamooni mlionitangulia.

Kuna mwenzetu jana aliuliza humu: nyumba ndogo, watoto wengi, Krismasi hiyo inakuja, awanunulie nini kisichojaza nyumba? Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili, nikaona haitoshi. Acha nifungue uzi wangu. Haya yalinipata mwenyewe. Chumvi sijaongeza, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Ni mambo ya miaka ya themanini, Malindi.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na moja. Darasa la saba nilimaliza nikaishia hapo, lakini ndoto kichwani zilikuwa za mtu wa chuo kikuu. Nilifanya kazi hoteli moja ya watalii, upande wa dobi, kupiga pasi mashuka. Kila shuka nililokunja nilijiambia, Kadzo, siku moja utakuwa na nyumba yenye chumba cha kuweka mashuka tu, hakilali mtu.

Msicheke. Ndoto hazilipiwi kodi.

Nyumba yangu yenyewe wakati huo ilikuwa chumba kimoja mtaa wa Barani. Kitanda, meza, stovu chini ya meza, ndoo mbili za maji, sanduku la nguo mvunguni. Mlango ukiufungua mpaka mwisho unagonga kitanda.

Na ndani mlikuwa na watoto watatu.

Walikuwa watoto wa kaka yangu Charo. Mama yao alifariki, Mungu amrehemu, na kaka alikuwa kibarua kiwanda cha korosho Kilifi. Zamu za mchana, zamu za usiku, analala chumba kimoja na wanaume wengine wanne. Watoto wangekaa wapi pale? Nikawachukua mimi shangazi yao. Kahindi alikuwa na miaka kumi, Sidi saba, na Karisa minne na mdomo wa wakili.

Sasa mwezi wa kumi na moja kaka akaja kututembelea. Akakaa kitandani, magoti yakagusa meza. Akanitazama kidogo, kisha akaongea huku anatazama sakafu.

"Kadzo, dada yangu, hapa hapatoshi. Kahindi nitampeleka Tezo kwa baba yetu mdogo, asome huko. Karisa ataenda Mombasa kwa mama yake mkubwa. Sidi abaki nawe."

Nikamuuliza, "Lini?"

"Krismasi nitakula nanyi. Kesho yake naondoka nao."

"Kaka, si wamezoeana hawa?"

"Wamebanana, Kadzo, si kuzoeana. Hata pa kuchezea hawana."

Simlaumu hata leo. Alikuwa baba anayehesabu miguu sakafuni akaona ni mingi. Kahindi alikuwa mlangoni, akasikia yote. Alichukua ndoo akaenda mferejini, na ndoo ilikuwa imejaa maji tayari.

Neno lile likanikaa kifuani: hata pa kuchezea hawana.

Nikasema, basi zawadi ya Krismasi mwaka huu ndiyo itakayojibu. Lazima iwape pa kuchezea, na isile hata shibiri moja ya chumba. Kaka akija aone kwa macho yake kwamba watatu wanaenea.

Mwaka wa nyuma yake nilikuwa nimewanunulia mpira. Wakuu, mpira ndani ya chumba kile! Siku ya kwanza ulivunja chemni, kile kioo cha taa, siku ya pili ukaingia kwenye sufuria ya mbaazi za nazi. Siku ya tatu niliugawa mwenyewe kwa watoto wa jirani.

Kwa hivyo nikazunguka madukani kwa akili. Niliona baiskeli ya magurudumu matatu, nyekundu, nikaipima kwa mikono pale pale dukani, muuzaji ananitazama. Mchana ingekaa sawa. Usiku ingebidi ilale juu ya tumbo langu. Nikaona na mwanasesere mkubwa kuliko Karisa. Huyo naye angetaka mto wake.

Nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Nikawakuta watoto wamelala kifudifudi ujiani. Wamechora drafti kwa chaki kwenye saruji, wanacheza kwa vizibo vya soda nilivyowaletea kutoka hotelini. Bi Rukia amesimama juu yao na kitambaa cha kudekia.

Bi Rukia ndiye alikuwa mwenye nyumba. Mwanamke wa Kiswahili hasa, asili yake Shella, mpole ila kwa usafi hana mchezo. "Wanangu," akawaambia, "hapa ni njia ya watu. Futeni, mkachore kwingine."

Kwingine ndiko hakukuwepo.

Wale wavulana walikuwa wakilala chini juu ya mkeka wangu wa zamani, umekatika pembe zote. Nikaitazama drafti ile inafutwa, nikaukumbuka mkeka, na mambo mawili yakakutana kichwani. Nikamfuata Bi Rukia uani, alikokuwa anasuka.

"Shikamoo Bi Rukia."

"Marahaba mwanangu. Sura hiyo ni ya mtu mwenye haja."

"Nataka unifundishe kusuka mkeka wenye drafti ndani yake."

"Wenye nini?"

"Drafti. Mchana wacheze, usiku waulalie, asubuhi nauviringisha nautia juu ya boriti. Haukai mahali popote."

Akaacha kusuka. "Kadzo, mimi nimesuka mikeka ya maharusi, nimesuka ya msikitini, nimesuka na ya kulazia maiti. Wa drafti sijapata kuusikia." Akafikiri. "Lete miyaa. Na takataka zako uzizoe mwenyewe."

Kwa ambao hamjui: mkeka wa kwetu hausukwi wote kwa pamoja kama kitambaa. Unasuka ukili kwanza, utepe mrefu wa miyaa, yale majani ya mkoma yaliyokaushwa, upana wa kiganja, pima kwa pima mpaka unachoka. Ukiisha, unauzungusha kama unavyofunga bendeji mguuni, huku unashona ukingo kwa ukingo kwa shazia, ile sindano nene. Unapata kitu kama pipa. Pipa hilo ndilo unalipasua, ukilitandaza una mkeka.

Kila nikitoka kazini nilikaa uani nasuka. Watoto niliwaambia namsaidia Bi Rukia. Vidole viliniwaka mpaka pasi nikaishika kwa kitambaa. Nilichemsha miyaa kwa rangi ya zambarau. Nilipofika pa kiboksi cheusi nachomeka ya rangi, pa kiboksi cheupe naacha ya kawaida. Vipimo niliviweka kwa kiboksi cha kiberiti, vyote sawasawa, nikajisifu.

Bi Rukia alinionya mapema kabisa. "Ukili ukizungushwa huhama, mwanangu. Ulipouacha sipo utakapoukuta."

Nikamjibu, "Hesabu nilizipasi, Bi Rukia."

Akanitazama, akaendelea na kazi yake.

Siku mbili kabla ya Krismasi tukashona. Nikapasua pipa kwa mkono wangu, nikatandaza, nikasimama niione drafti yangu.

Wakuu, hakukuwa na drafti.

Kila mzunguko ulikuwa umesogea kidogo kuliko wa chini yake. Viboksi badala ya kupishana vilipanda mshazari, kimoja juu ya bega la mwenzake, kutoka pembe hii mpaka pembe ile, mistari minne ya zambarau. Mtu hawezi kuchezea drafti pale hata akiwa bingwa.

Bi Rukia aliinamisha kichwa upande, akautazama. Kisha akasema, "Kadzo, drafti yako imelewa." Akacheka mpaka kanga ikamvuka kichwani.

Mimi nililia. Nililia kweli, kwa sababu yeye hakujua nilikuwa nashona nini pale. Ndipo nikamweleza habari ya kaka, na Tezo, na Mombasa. Kicheko kikakatika. Akaupapasa mshono wote, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Mshono ni mzima," akasema. "Wape hivyo hivyo. Kufumua siku hizi mbili hazitoshi."

Krismasi asubuhi tukaenda kanisani, tukarudi, nikautandaza. Ulijaa sakafu yote, kutoka mguu wa kitanda mpaka kizingitini.

Kahindi akauzunguka. "Shangazi, hii si drafti."

"Najua, mwanangu."

Karisa akapiga kelele, "Ni ngazi!"

Akaweka kizibo chake chini kabisa pembeni, akaanza kukipandisha boksi kwa boksi mpaka juu. "Nimefika nyumbani!" Sidi akasema huwezi kwenda ovyo, lazima ufuate kitu. Akakimbia kwa Bi Rukia, akarudi na kauri nne za baharini. Unazirusha, zilizolala chali ndizo hatua zako. Ikawa hivyo.

Sheria zilitungwa kwa ugomvi, kama sheria zote. Mwanzo ukimkuta mwenzako kwenye boksi unamrudisha chini. Karisa akarudishwa mara tatu mfululizo, akaangua kilio, akalala juu ya mkeka wote ili mchezo usimame. Kahindi akamtazama, akasema, "Basi, amka. Ukimkuta mwenzako mnakaa wote. Mnasogeleana. Na mkikaa wote mnakwenda wote." Karisa akajipangusa kamasi, mchezo ukaendelea.

Mimi nipo kwenye stovu napika, sikuyatilia maanani.

Saa sita kaka akafika. Mkononi ana kuku, kwapani ana boksi la karatasi gumu, tupu. Boksi la nguo za watoto. Nikaliona, nikageukia sufuria.

Kuku alichinjwa na mpangaji mwenzetu Mwislamu, ndiyo desturi ya nyumba zetu, ili sinia likipelekwa kwa Bi Rukia naye ale bila wasiwasi. Kaka akataka kuingia, mguu ukasimama hewani.

"Baba, viatu!" Sidi akamwambia. "Unakanyaga ngazi."

Akavua viatu. Akakaa. Hakuwa na budi, palikuwa hapana pengine, wakampa kizibo. Alirusha kauri kama mtu anayetimiza wajibu. Mara ya pili akachuchumaa. Mara ya tatu akavua na saa.

Ikaja zamu yake akaangukia boksi la Karisa. Akafanya anachojua: akakiokota kizibo cha mtoto akakirudisha mwanzo.

Wote watatu wakampigia kelele.

Karisa akamshika mkono. "Aah, baba! Hapa hatufukuzani. Sogea tukae."

Niliacha kukoroga. Kaka alibaki na kizibo kile baina ya vidole, ameinama, muda mrefu mpaka Sidi akamuuliza kama ameisahau zamu. Kisha akakirudisha kwenye boksi, kando ya chake, akakisukuma kidogo kwa kidole ili vienee.

"Haya," akasema. "Nimesogea."

Hakugusia jambo jingine siku ile. Tulikula pilau, akacheza tena, akafungwa tena. Jioni akawaambia walale juu ya mkeka, watatu sambamba, akiwatazama kutoka mlangoni. Ubavuni pakabaki nafasi ya mtu mmoja. Akalala yeye.

Asubuhi nilimkuta Kahindi ameshavaa. Ameshika shati lake la pili, amelikunja vizuri kama ninavyokunja mashuka ya hoteli, anangoja kando ya lile boksi tupu. Hakulia. Hilo ndilo lililoniumiza.

Kaka akamtazama. "Shati hilo unalipeleka wapi?"

"Tezo."

"Rudisha mvunguni. Tezo ni mbali na shule yako."

Akaniambia, "Kadzo, shule zikifunguliwa nitaleta madaftari ya watatu. Umesikia? Ya watatu." Boksi akamwachia Bi Rukia awekee vifaranga, akashika njia ya stendi. Kahindi alimsindikiza mpaka barabarani akiwa bado na shati mkononi.

Wakuu, nimeishi miaka mingi baada ya hapo. Nimepata vyumba zaidi ya kimoja. Lakini kitu ninachojivunia, kilichotoka mikononi mwangu, ni mkeka ule. Waliulalia watatu mpaka miguu ya Kahindi ikapita ukingo. Na Bi Rukia, fundi wa mafundi, mwaka uliofuata aliwasukia wajukuu zake mmoja wa mshazari, kwa makusudi. Alipoulizwa kajifunzia wapi akawajibu, "Kwa mpangaji wangu." Nilitembea Barani yote siku ile kama nimepewa digrii.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeuliza: usianze na duka. Anza na sakafu. Tazama mtoto anacheza nini pale anapofukuzwa, kisha tafuta kitu ambacho tayari kina nafasi yake ndani ya nyumba, mkeka, shuka, pazia, hata mlango, umtilie mchezo humo. Na ukikosea vipimo usikifiche. Mpe hivyo hivyo, pengine ataona asichokiona mtu mzima.

Mliolelewa chumba kimoja, nanyi semeni. Mlipewa nini Krismasi au Idi kikaenea nanyi mkaenea? Na wazazi mliowahi kufikiria kuwagawa watoto kwa ajili ya nafasi, njooni pia. Hapa hakuna atakayewahukumu, tunasogeleana tu.